Lesoni ya 9: Mwendo wa Watoto

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Lesoni ya Juma Hili: Kut. 10:8–11, Hes. 11:10–17, Mdo. 27:9–32, Hes. 14:1–4, 26–33, Hes. 32:16–27, 1 Sam. 30:1–6, Mwa. 33:1–17, Ezr. 8:21–23, Mt. 2:13–23.

Fungu la Kukariri: Mwanzo 33:14. Lisome katika Biblia yako kila siku ya juma hili hadi uweze kulisema kwa moyo.

Mwezi Septemba 1987 televisheni za Marekani zilianza kuonyesha tamthilia iitwayo Star Trek: The Next Generation. Nahodha wa chombo cha angani, Jean-Luc Picard, anakabidhiwa watu zaidi ya elfu moja, na miongoni mwao wamo wake, waume na watoto wa wafanyakazi wake. Katika sehemu ya kwanza kabisa anamweleza msaidizi wake kwamba yeye hajisikii huru mbele ya watoto, naye anamwomba amsaidie katika jambo hilo. Hatari inapotokea, anakigawanya chombo: familia zinapelekwa mbali katika sehemu moja, naye anabaki katika sehemu ya kupigana. Mwaka 1993 tamthilia nyingine ya ukoo huohuo, Deep Space Nine, ilianza na ofisa ambaye mke wake amekufa katika chombo kilichoshambuliwa, huku mtoto wao akiokolewa. Sasa anapewa kituo cha mbali akiongoze, naye anasita. Je, mahali kama pale panafaa kumlea mtoto?

Hizo ni hadithi za kubuni, na mpaka leo hakuna familia iliyopelekwa kuishi angani. Lakini swali lenyewe si la kubuni, wala si geni. Nuhu alilikabili alipoingia safinani na nyumba yake. Musa alilikabili mbele ya Farao. Mchungaji anayehamishwa na watoto wake, mama anayeamua kuhamia mji asioujua, nahodha wa meli ya abiria ziwani, wote hulikabili. Je, nina haki gani ya kuwapeleka hatarini watu wasioweza kukubali wala kukataa? Nikikataa uongozi, je, nitakuwa nimewaokoa? Na nikikubali, nitaongozaje?

Juma hili tutayatazama maswali hayo matatu kwa msaada wa Maandiko.

JUMAPILI

Ni Akina Nani Watakaokwenda?

Soma Kutoka 10:8–11, 24. Farao alitaka nani abaki, na kwa sababu gani?

Baada ya mapigo kadhaa Farao alikuwa tayari kujadiliana. Alimwuliza Musa ni akina nani hasa watakaokwenda kumwabudu Bwana. Musa akataja wote: vijana na wazee, wana na binti, kondoo na ng'ombe. Farao akakataa. Wanaume waende, watoto wabaki. Ukiyasikia maneno yake kwa haraka, unaweza kudhani kwamba aliwahurumia wadogo, kwa maana alisema kwamba uovu uko mbele yao. Kwa kweli alitaka rehani. Mwanamume aliyeacha watoto wake Misri hana budi kurudi Misri.

Hapa tunapata jambo la kwanza la kuzingatia. Mtu akiuliza kama ni haki kuwachukua watoto katika safari ya hatari, mara nyingi hupima hatari ya safari peke yake, kana kwamba mahali wanapoachwa hapana hatari yoyote. Lakini Misri ilikuwa nchi ambamo watoto wa kiume wa Waebrania waliamriwa kutupwa mtoni (Kut. 1:22). Jangwa lilikuwa na nyoka, kiu na njaa. Misri ilikuwa na mto na amri ya mfalme. Musa hakuchagua kati ya hatari na usalama. Alichagua kati ya hatari mbili, na moja kati yake ilikuwa na ahadi ya Mungu mwisho wake.

Hata hivyo, hoja hiyo isitumiwe ovyo. Si kila safari ni Kutoka. Mtu anayeondoka mahali pa amani ili kutafuta sifa au utajiri wake mwenyewe, akawaburuta watoto nyuma yake, hawezi kujificha nyuma ya fimbo ya Musa. Kuna swali rahisi la kuipima safari: je, watoto hawa wana sehemu katika kile tunachokiendea, au ni mizigo iliyofungwa pamoja na vyombo vya nyumbani? Musa alisema kwamba watoto wanakwenda kwa sababu wote wana sikukuu ya kumfanyia Bwana. Sikukuu ilikuwa yao pia. Na Pasaka ilipowekwa, mtoto alipewa nafasi ya kuuliza maana yake, na baba akapewa wajibu wa kujibu (Kut. 12:26, 27). Katika safari ya Mungu mtoto ana haki ya kuuliza tunakwenda wapi na kwa nini.

Fikiria uamuzi mmoja mkubwa ambao familia yenu imeufanya. Je, watoto walielezwa sababu yake kwa lugha wanayoielewa? Kama hawakuelezwa, ni nini kilichozuia?

JUMATATU

Wakati wa Kukataa

Soma Hesabu 11:10–17. Musa alimlalamikia Mungu juu ya nini, na Mungu alimjibuje?

Watu walikuwa wakilia, kila mtu mlangoni pa hema yake pamoja na jamaa zake. Musa akamwuliza Mungu kama ni yeye aliyewachukua mimba watu hao wote hata aambiwe awabebe kifuani kama mlezi anavyombeba mtoto anyonyaye. Akaomba heri afe. Ni maneno mazito kutoka kwa kiongozi, lakini Mungu hakumkemea, wala hakumwondoa kazini. Alimpa wazee 70 wachukue mzigo pamoja naye.

Tunajifunza kwamba kuuhisi uzito wa roho za watu si dalili ya kutofaa. Wa kuogopwa ni yule anayepewa familia mia azivushe, naye analala usingizi kama aliyepewa magunia ya mahindi. Na anayejua upungufu wake aombe msaada mapema.

Lakini je, hakuna wakati wa kukataa? Upo. Yothamu alisimulia mfano wa miti iliyotafuta mfalme (Amu. 9:7–15). Mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, kila mmoja ukiwa na kazi yake nzuri ya kuendelea nayo. Mti wa miiba ndio uliokubali, na moto ukatoka humo. Yothamu aliyasema hayo baada ya Abimeleki kuwaua ndugu zake juu ya jiwe moja. Wema wakikataa ili tu mikono yao ibaki safi, meli haibaki bandarini. Itaondoka na nahodha mwingine, na watoto walewale wakiwa ndani yake.

Kwa hiyo kukataa kuna maana katika hali mbili. Ya kwanza ni pale ambapo yupo mwenye ujuzi kukushinda. Kumpisha ni upendo. Ya pili ni pale ambapo safari yenyewe haipaswi kufanyika. Hapo kukataa hakuna budi kuwa kwa sauti, na kufanyike bandarini.

Soma Matendo 27:9–12. Akida alimsikiliza nani kuliko Paulo? Nahodha na mwenye meli walikuwa na ujuzi na mali. Wengi walishauri waondoke. Bandari haikuwa nzuri kwa kukaa wakati wa baridi. Hoja zote zilielekea upande mmoja, nazo zilikuwa na makosa. Ndugu zetu wa kandokando ya Ziwa Victoria hawahitaji maelezo marefu hapa. Wanaikumbuka MV Bukoba, Mei 1996, na MV Nyerere, Septemba 2018, iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 200 wakafa. Kuna siku ambayo neno la uaminifu kuliko yote ambalo nahodha anaweza kulisema ni hili: chombo kimejaa, sing'oi nanga.

Dhoruba ikishaanza, wakati wa kukataa umepita. Mabaharia walipojaribu kutoroka kwa mashua, Paulo alionya kwamba wasipobaki melini wengine hawataokoka (Mdo. 27:30–32). Aliyepinga safari tangu mwanzo ndiye aliyewashikilia wengine wasiikimbie.

Je, kuna wajibu ambao umeukataa kwa jina la unyenyekevu? Nani ameubeba badala yako, na watu wanaendeleaje chini ya uongozi wake?

JUMANNE

Watoto Kama Kisingizio

Soma Hesabu 14:1–4 na 14:26–33. Wazazi walisema nini juu ya watoto wao, na Mungu alisema nini juu ya watoto haohao?

Huko Kadeshi wapelelezi kumi waliwavunja watu moyo. Kilio kikapanda usiku kucha, na katika kilio hicho ikatajwa sababu ambayo hakuna mtu anayeweza kuipinga bila kuonekana katili: wake zetu na watoto wetu watakuwa mateka. Mungu akajibu kwamba watoto hao waliowataja kuwa mateka ndio atakaowaingiza katika nchi, nao wazazi wataanguka jangwani.

Tuseme polepole, kwa maana hapa ni rahisi kumwumiza mzazi mwenye hofu ya kweli. Kuwahofia watoto si dhambi. Dhambi ya Kadeshi ilikuwa kulitumia jina la watoto kufunika kutoamini kwa watu wazima. Na tazama gharama yake. Watoto hawakuepuka hatari. Walitangatanga jangwani hadi miaka arobaini ikatimia, wakiubeba uasi wa baba zao (fungu la 33). Kukataa kwenda nako ni safari, na watoto huisafiri pia.

Linganisha na Hesabu 32:16–27. Wana wa Gadi na wana wa Reubeni walifanya nini na watoto wao? Waliwajengea miji yenye maboma ng'ambo ya mashariki ya Yordani, kisha wanaume wakavuka wenye silaha mbele ya ndugu zao. Musa alikuwa na shaka nao mwanzoni, lakini walipoahidi kutorudi nyumbani mpaka ndugu zao wote wapate urithi, alikubali. Kumbe Maandiko hayana kanuni moja tu. Mbele ya Farao Musa alikataa katakata kuwaacha watoto. Karibu na Yordani aliruhusu waachwe. Tofauti iko katika kazi yenyewe. Safari ya kwenda nyumbani huwahusu wote. Vita huwahusu wenye silaha. Nahodha mwenye busara hujua wakati wa kuwaweka wote chini ya sitaha moja na wakati wa kuwatenga wadogo.

Lakini kuwaacha si sawa na kuwalinda. Soma 1 Samweli 30:1–6. Daudi na watu wake 600 waliiacha Siklagi wakaenda kujipanga pamoja na jeshi la Wafilisti. Waliporudi siku ya tatu waliukuta mji umeteketezwa kwa moto, na wake zao, wana wao na binti zao wamechukuliwa mateka. Walilia hata wakakosa nguvu za kulia, na watu wakasema Daudi apigwe kwa mawe. Wana wa Gadi waliacha watoto nyuma ya maboma. Watu wa Daudi hawakuacha ulinzi wa kutosha kuwazuia Waamaleki. Kwa rehema za Mungu wote walirudishwa, asikosekane mdogo wala mkubwa (mafungu ya 18, 19). Rehema hiyo haiufanyi mpango wa kwanza kuwa mwema.

Wazazi wengi leo huwaacha watoto kwa bibi au katika shule ya bweni ili wafanye kazi mbali, hata kazi ya Injili. Ni "maboma" gani ambayo mtoto aliyeachwa anahitaji, na kanisa linaweza kuyajengaje?

JUMATANO

Yakobo Anapunguza Mwendo

Soma Mwanzo 33:12–14. Esau alipendekeza nini, na Yakobo alitoa sababu gani ya kukataa?

Esau alikuja na watu 400. Ndugu walikumbatiana na kulia, na Esau akataka wasafiri pamoja. Yakobo akamwonyesha watoto. Ni wachanga. Kondoo na ng'ombe wananyonyesha. Wakiharakishwa hata siku moja, kundi lote litakufa. Basi bwana wake atangulie. Yeye atakwenda polepole kwa kadiri ya mwendo wa wanyama na mwendo wa watoto.

Katika maneno hayo mna jibu la swali letu la tatu. Mara nyingi tukiulizwa kiongozi mwema wa msafara ni nani, tunamtaja mwenye nguvu, mwenye kuona mbali, mwenye kufika upesi. Yakobo anapima kwa kipimo kingine: msafara una kasi ya miguu iliyo midogo kuliko yote. Anayekubali kuongoza chombo chenye watoto amekwisha kukubali kuchelewa. Kama hawezi kuchelewa, asikubali. Wanaume 400 wasio na watoto wanaweza kufika Seiri haraka. Hilo haliwafanyi kuwa wema kuliko anayefika baadaye na kundi lote likiwa hai.

Biblia haimfanyi Yakobo malaika. Alimwambia Esau kwamba atamfuata hadi Seiri, kisha akageukia Sukothi (fungu la 17). Na kabla ya kukutana, aliwapanga watu wake: wajakazi na watoto wao mbele, Lea na watoto wake nyuma yao, Raheli na Yusufu nyuma kabisa (mafungu ya 1, 2). Kila mtoto aliyesimama pale alijua ni nani angefikiwa kwanza na upanga. Kila kiongozi ana jaribu hili la kupanga watoto wa watu kwa thamani: wa kwangu nyuma, wa mjakazi mbele. Pengine chuki ya ndugu zake Yusufu ilipata chakula siku ile pia. Lakini fungu la 3 linaongeza jambo moja. Yakobo mwenyewe alitangulia mbele yao wote. Kabla upanga haujamfikia mtoto yeyote, ungemkuta yeye.

Soma Ezra 8:21–23. Ezra naye alikuwa na watoto wadogo katika msafara wa miezi minne kutoka Babeli hadi Yerusalemu. Aliona haya kumwomba mfalme askari, kwa sababu alikuwa amemshuhudia juu ya mkono wa Mungu. Je, alikuwa na haki ya kuweka ushuhuda wake juu ya maisha ya watoto wa wengine? Tuone alichofanya. Hakuamua peke yake usiku na kuwatangazia asubuhi. Kwenye mto Ahava alitangaza mfungo kwa wote, na watoto wakatajwa kwa wazi katika ombi hilo. Hatari ilisemwa kwa sauti, na watu waliokuwa wakiikabili waliomba pamoja naye. Nehemia, ambaye hakuwa mtu wa imani haba, alisafiri na maofisa wa jeshi na wapanda farasi waliotumwa na mfalme (Neh. 2:9). Imani yaweza kwenda bila ulinzi, nayo yaweza kuupokea. Lakini haiwezi kuwaficha watu hatari waliyomo.

Katika nyumba yako, katika darasa lako, katika kanisa lako, ni nani mwenye miguu midogo kuliko wote? Mwendo wenu unapimwa kwa nani?

ALHAMISI

Kutoka Boston Hadi Basel

Kanisa letu limeishi na swali hili tangu mwanzo wa utume wake wa ng'ambo. Tarehe 15 Septemba 1874, John Nevins Andrews alipanda meli huko Boston kwenda Ulaya, mmishonari wa kwanza aliyetumwa rasmi na Kanisa la Waadventista Wasabato nje ya Amerika Kaskazini. Hakuwa na mke. Angeline alikuwa amefariki mwaka 1872. Pamoja naye walikuwa watoto wake wawili, Charles, kijana wa miaka 16, na Mary, wa miaka 12.

Katika Uswisi watoto hao walijifunza Kifaransa na kumsaidia baba yao katika kazi ya gazeti alilolianzisha mwaka 1876. Mary hasa aliifahamu lugha vizuri, akawa msaada mkubwa katika kusahihisha maandiko. Maisha yalikuwa ya uhaba. Kisha Mary akashikwa na kifua kikuu. Mwaka 1878 baba yake alirudi naye Marekani kutafuta matibabu Battle Creek, na huko akafa mwezi Novemba, akiwa na umri wa miaka 17. Andrews alirudi Ulaya. Ugonjwa uleule ulimwua yeye huko Basel mwaka 1883, akiwa na miaka 54.

Je, alifanya vema kuwachukua? Kuna majibu mawili ya haraka, na yote mawili hayatoshi. La kwanza husema kwamba kazi ya Ulaya ilikua, kwa hiyo uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini matokeo mazuri hayathibitishi kwamba njia ilikuwa njema, na hakuna hesabu ambayo upande mmoja una magazeti na upande wa pili una Mary. La pili husema kwamba mtoto alikufa, kwa hiyo uamuzi ulikuwa mbaya. Lakini kifua kikuu kiliwaua vijana wengi sana wa karne ile ambao hawakuvuka bahari yoyote. Na watoto waliokwisha kufiwa na mama, je, wangeachwa pia na baba?

Tunachoweza kukipima ni jinsi alivyowachukua. Hawakuwa mizigo, waliishiriki kazi. Alikula walichokula. Mtoto alipougua, aliiacha kazi akavuka naye bahari kurudi. Huo ni mwendo wa watoto.

Tena kuna mwingine wa kuulizwa, naye ni aliyetuma. Nahodha ndiye anayeonekana, lakini yupo pia aliyeijenga meli na kuipa chakula. Kanisa linalomtuma mtu mwenye watoto limewatuma na watoto. Halmashauri inayomhamisha mchungaji katikati ya muhula, bila kuuliza mtoto wake wa darasa la saba atafanyia mtihani wapi, imeongoza chombo bila kutazama abiria waliomo. Na washiriki wanaompokea wana sehemu yao: nyumba isiyovuja, kisima kilicho karibu, mtu wa kumwonyesha mtoto njia ya shule.

Je, watoto wa mchungaji wenu wanajulikana kwa majina yao, au wanajulikana tu kama watoto wa mchungaji? Kanisa lenu limefanya nini mwaka huu ili kuupunguza uzito wa utume juu yao?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Isaya 40:11; Mathayo 2:13–23; Mathayo 18:1–14; Marko 4:35–41.

Kuna safari moja ambayo tumeiacha mpaka mwisho. Usiku mmoja seremala wa Nazareti aliamshwa na ndoto, akaambiwa amchukue mtoto na mama yake, akimbilie Misri. Mungu alikuwa na Mwana, naye alimweka mikononi mwa mwanadamu, katika njia yenye giza, huku mfalme akiutafuta uhai wake. Hakuna mzazi wala nahodha anayeweza kumwambia Mungu kwamba hajui maana ya kumkabidhi mtoto kwa safari ya hatari. Anajua kutoka upande wa anayetoa.

Tumtazame Yusufu. Hakuomba kazi hiyo. Alipoambiwa, aliondoka usiku uleule. Alipoambiwa arudi, alirudi, lakini aliposikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi aliogopa kwenda huko. Naye akionywa katika ndoto, akageukia Galilaya. Mungu hakuikemea hofu yake, aliitumia. Utii wake ulikuwa na macho. Hatujasoma neno hata moja alilolisema Yusufu, lakini tunajua kwamba mtoto alifika.

Basi swali letu limejibiwa kwa sehemu. Hatuwezi kuahidi kwamba chombo tunachokiongoza hakitapigwa na mawimbi. Tunaweza kuuliza kama safari hii ni ya lazima na kama ni ya watoto pia. Tunaweza kukataa bandarini inapopasa. Tunaweza kusema hatari kwa wazi, kutangulia mbele, na kwenda polepole. Mengine yako kwa Mchungaji ambaye Isaya anamwonyesha akiwabeba wana-kondoo kifuani na kuwaongoza taratibu wanyonyeshao. Musa alilalamika kwamba hawezi kubeba watu kifuani. Alikuwa na haki. Yuko mmoja tu awezaye, nasi tumo kifuani humo pamoja na wale tunaodhani kwamba sisi ndio tunaowabeba.

Maswali ya Kujadili:

1. Wako watu wanaofikiria safari ya kwenda kwenye nyota nyingine. Nyota iliyo karibu zaidi na jua letu iko mbali kiasi kwamba nuru yake hutumia zaidi ya miaka minne kutufikia, na kwa vyombo tulivyonavyo leo vizazi vingi vingezaliwa na kufa njiani. Soma Yoshua 5:4–7 juu ya watoto waliozaliwa njiani jangwani. Je, wazazi wana haki ya kuchagua safari ambayo watoto wao watazaliwa ndani yake bila kuulizwa? Je, kila mzazi hafanyi hivyo kwa namna fulani?

2. Linganisheni Kutoka 10:9 na Hesabu 32:16, 17. Darasani mtajeni kazi mbili au tatu za kanisa lenu. Katika ipi watoto wanapaswa kwenda nasi, na katika ipi wanapaswa kuachwa nyuma ya maboma? Mnaamuaje?

3. Mtu mmoja anasema, "Mungu akikuita, usiwafikirie watoto, yeye atawatunza." Mwingine anasema, "Mungu hawezi kukuita mahali patakapowadhuru watoto wako." Kwa kutumia mafungu ya juma hili, onyesheni kasoro ya kila kauli.

4. Yakobo aliwaweka watoto wa wajakazi mbele. Katika jamii yetu ni watoto wa nani ambao huwekwa mbele hatari inapokuja, na ni wa nani ambao huwekwa nyuma? Kanisa linaweza kuubadilishaje mpango huo?

5. Kama kuna mtu darasani anayekabili uamuzi kama huu sasa, iwe uhamisho, kazi ya mbali au kuwachukua yatima wa ndugu yake, mwulizeni kama angependa mfunge na kuomba pamoja naye, kama walivyofanya watu kwenye mto Ahava.